Jiwe Jeupe la Njia Panda ya Kishembwe

Wageni wa kwanza ambao Mathieu aliwapandisha Kishembwe walipotea. Walikuwa walimu wawili kutoka Bujumbura, mume na mke, wenye viatu vipya na kofia pana. Aliwakuta sokoni Mulongwe, chini mjini Uvira, wakiuliza kama kuna mtu anayeweza kuwaonyesha ziwa kutoka juu ya mlima. Wakati huo vita vilikuwa bado havijafika. Mathieu alikuwa kijana wa kushusha maharagwe sokoni na kupanda tena mikono mitupu, na alifurahi kupata wenzake wa safari.

Alitembea mbele akiwatajia majina ya miti. Walipokaribia njia panda, ukungu ulipanda kutoka ziwani, kama unavyofanya huko alasiri nyingi, na alipogeuka nyuma hakuona mtu. Njia panda ile ni ya hila. Njia ya kushoto ni pana, imekanyagwa na mbuzi, nayo inaishia ghafla ukingoni mwa korongo ambamo mto Mulongwe unapita ukinguruma. Njia ya kulia ni nyembamba kama njia ya sungura, nayo ndiyo inayofika Kishembwe. Mguu wa mgeni huchagua njia pana. Mathieu aliwakuta wale walimu wameketi ukingoni, wameshikana mikono, hawathubutu kusimama. Mbele ya viatu vyao vipya hapakuwa na kitu ila sauti ya maji chini kabisa.

Siku hiyo alijiwekea neno moja ambalo lilitawala maisha yake yote: hakuna mtu atakayepotea tena kwenye njia yake.

Walimu walirudi mwaka uliofuata, wakaleta marafiki, na marafiki wakaleta wengine. Kijiji kikaunda kamati yake, na mkuu wake akawa Mama Ernestine, mjane mwenye sauti iliyoweza kusimamisha ng'ombe. Kamati iliweka sheria chache. Wageni waje wachache. Walale katika nyumba ya mianzi, na mianzi yenyewe isikatwe katika msitu wa chemchemi. Chakula chao kiwe sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na asali kama watu wengine. Makopo waliyopanda nayo washuke nayo. Na asithubutu mtu kukata kona za njia, kwa sababu njia ilipindapinda kwa makusudi ili mvua isishushe udongo wa mlima mzima mjini.

"Weye wa kofia!" Mama Ernestine alikuwa akipaza sauti kutoka juu alipomwona mgeni akikata kona. "Rudi mu njia! Hii mulima si ngazi ya nyumba yako!"

Mgeni alirudi, hata kama hakuelewa neno. Mchango wa wageni uliingia katika mabomba yaliyoleta maji ya chemchemi hadi katikati ya kijiji, na watu waliokuwa wakimcheka Mathieu na wageni wake wakaacha kucheka.

Kisha akaja Bernardine. Alizaliwa katika tambarare ya Ruzizi, kwa wakulima wa mpunga wanaosema Kirundi, mahali ambapo ardhi imelala kama mkeka. Mathieu alimpenda alipokuwa akiuza mchele karibu na meza yake ya maharagwe, akamwoa, akampandisha. Bernardine aliupenda mlima kwa kila kitu isipokuwa ukungu.

"Shemeji," Placide alimtania siku moja. Placide alikuwa jirani yao na mwenzake Mathieu katika kuwaongoza wageni, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Watu wote hapa banatembea. Weye peke yako unapapasa sawa muntu anatafuta ufunguo chini ya kitanda."

"Nyamaza weye," Bernardine alimjibu. "Kwetu kule Ruzizi muntu anamuona mugeni wake asubuhi, anapika, anamaliza kupika, ndiyo mugeni anafika. Huku kwenu munatokeana tu usoni sawa mashetani!"

Watu walicheka, lakini ni woga huo wa Bernardine uliozaa mawe meupe. Mathieu alikuwa ameshapanga mawe makubwa upande wa kulia wa njia, kila penye kona au mashaka, lakini ndani ya ukungu mawe na ukungu vilikuwa rangi moja. Bernardine akakumbuka jinsi mama yake alivyopaka kuta za nyumba kabla ya Noeli: udongo mweupe wa kandokando ya mto, uliochanganywa na uji wa muhogo ili mvua isiuoshe upesi. Alibeba udongo huo kutoka bondeni, akaukoroga katika chungu, akapaka kila jiwe upande unaomtazama anayepanda. Hakutumia brashi. Alipaka kwa kiganja, na rangi ilipokauka, mistari ya vidole vyake ilibaki imechorwa kwenye jiwe.

Kila kiangazi alipaka upya. Kila alipopanda kutoka sokoni ndani ya ukungu, alitembea kutoka jiwe hadi jiwe, akiligusa kila moja kabla ya kutafuta linalofuata. "Minye sioni mulima," alimwambia mumewe. "Minye naona mawe yangu tu. Siku yasipokuwepo, Baba Fabiola, unifuate huko chini, juu sitafika." Baba Fabiola ndilo lilikuwa jina la Mathieu nyumbani, tangu walipopata binti yao wa pekee.

Lakini mambo ya dunia yaliharibika. Kwanza Burundi iliwaka, na wageni wa Bujumbura wakaacha kuja. Kisha vita vikafika Uvira yenyewe. Nyumba ya mianzi ilibaki na buibui. Hata hivyo kila kiangazi Bernardine alikoroga udongo wake.

"Unamupakia nani?" Placide alimuuliza. "Wageni balikwisha."

"Watarudi," alisema Bernardine. "Wakirudi bakute tumelala?"

Na kweli walikuja wageni, ila hawakuwa na kamera. Walikuwa watu wa Mulongwe wakikimbia risasi, wamebeba magodoro na wazee. Walipanda katika ukungu bila kiongozi, jiwe kwa jiwe, na hakuna hata mmoja aliyeingia korongoni. Wote walilala Kishembwe, wakanywa maji ya mabomba, na mji ulipotulia wakashuka. Waliposhuka waliisimulia kila mahali ile njia ya mawe meupe, na sifa zikatembea mbali kuliko walivyodhani.

Vita vya pili vilipoanza, sifa hizo ziligeuka kuwa hatari.

Fabiola alishikwa na homa katika msimu wa mvua. Alikuwa bado mtoto mdogo. Dawa zilikuwa zimekwisha Kishembwe, na Bernardine akasema atashuka mjini mwenyewe, kwa sababu ndugu yake wa Mulongwe angejua pa kuzipata. Mathieu alitaka aende yeye.

"Wanaume banakamatwa njiani kubeba mizigo ya askari," Bernardine alisema akijifunga kitenge. "Mwanamke mwenye kikapu nani atamuangalia? Shika mutoto. Mupe maji kila saa. Kesho niko hapa."

Kesho yake milio ya bunduki ilisikika kutoka mjini tangu asubuhi hadi jioni, na Bernardine hakuonekana. Siku iliyofuata alipanda mzee mmoja aliyekimbia kutoka vijiji vya chini, miguu yake imevimba. Alikunywa maji, akamtazama Mathieu, kisha akasema kile alichopanda kukisema. Wenye silaha walikuwa wakipanda milima kutafuta ng'ombe, vijana na wanawake. Kijiji kimoja ng'ambo ya mlima walikuwa wamekichoma chote. Na sasa walikuwa wakimuuliza kila mtu waliyemkamata swali moja: njia ya mawe meupe inaanzia wapi?

Mama Ernestine aliita kamati katika nyumba ya mianzi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kishembwe kilikuwa kimefichwa na mlima tangu zamani, na Mathieu alikuwa amekifungulia mlango na kuupaka mlango huo rangi nyeupe.

"Tuyahamishe," alisema Placide, naye siku hiyo hakuwa na mzaha. "Tuyaweke kwenye njia ya kushoto. Bayafuate mpaka mu korongo. Tutakuwa tumemaliza mambo."

Mathieu hakuinua kichwa. "Bernardine iko chini," alisema. "Anajua mawe tu."

"Baba Fabiola, na siye wote tuko hapa."

"Minye najua muko hapa! Nakuona! Yeye simuoni."

Mama Ernestine alinyoosha mkono wake. "Hatuwezi kuyafundisha mawe kudanganya," alisema. "Mawe yale yaliokoa watu. Tukiyahamisha, atakayekufa wa kwanza atakuwa muntu wetu. Lakini kuyaacha pia haiwezekani, mwanangu. Unaelewa?"

Mathieu alielewa. Alisema kwamba angeyageuza. Hakutaka kuyatupa wala kuyahamisha. Angeyalaza kifudifudi palepale yalipo, weupe uangalie udongo, ili siku moja mtu aweze kuyainua tena. Baada ya hapo angeketi kwenye njia panda mwenyewe, mpaka mke wake apande.

Alifanya hivyo pamoja na Placide, wakianzia kwenye kivuko cha chini. Kila jiwe lilipotoka katika shimo lake lilionyesha minyoo na udongo mbichi, na kila uso mweupe ulipofunikwa, Mathieu aliiona mistari ya vidole kwa mara ya mwisho. Walipomaliza, mlima ulirudi kuwa mlima tu.

Akakaa kwenye njia panda, nyuma ya kichaka, akisikiliza. Asubuhi ilikuwa rahisi kwa sababu aliweza kuona. Ukungu ulipopanda alibaki na masikio peke yake, naye hakuweza kuita. Kama angeliita "Bernardine!" na waliokuwa chini wakawa ndio wale wengine, angewaonyesha kwa sauti kile alichowaficha kwa mawe. Jina la mkewe lilimkaa mdomoni kama mfupa. Aliketi hivyo siku baada ya siku, huku majirani wakimwangalia mtoto.

Kisha alasiri moja, ndani ya ukungu mzito kabisa, Placide alishuka akikimbia. Fabiola alikuwa amekakamaa mwili mzima, macho yamegeuka. Mathieu aliitazama njia ya chini, ambayo haikuonekana. Akapanda na Placide.

Alimshika mtoto mpaka mshtuko ulipoisha. Mama Ernestine alimkandakanda kwa majani na maji, na kulipopambazuka Fabiola alikuwa hai, ingawa homa haikushuka. Mathieu alikuwa akifunga mlango ili arudi kwenye njia panda alipomwona Placide, aliyekuwa ametangulia huko, ameshapanda tena, uso wake umekuwa wa kijivu.

"Baba Fabiola," alisema kwa sauti ya chini. "Mawe yameinuka."

Walishuka mbio. Ilikuwa kweli. Chini ya njia panda, kadiri macho yalivyofika, mawe yalikuwa yamegeuzwa tena, weupe juu, yamekaa sawasawa katika mashimo yake. Placide alijifanyia ishara ya msalaba. Lakini Mathieu alipiga magoti penye jiwe la karibu, akaona kwamba tope lilikuwa limefutwa usoni pake kwa kiganja. Vidole vipya vilikuwa vimepita juu ya vidole vya zamani, navyo vilitoshana.

"Si shetani," alisema. "Ni yeye. Amepanda jana."

Akaelewa jinsi ilivyokuwa. Bernardine alikuwa amepapasa katika ukungu, akalikuta jiwe lake limelala kifudifudi, akadhani ni mvua au ng'ombe. Akaliinua, akalipangusa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kila mwaka na mikono yake haikujua kufanya vinginevyo. Akaendelea hivyo, jiwe kwa jiwe, akiifungua njia yote nyuma yake. Hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

Kwenye njia panda jiwe la kulia halikuwepo. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Palibaki shimo lake tu, limefunikwa kwa majani mabichi ya mgomba-mwitu. Mathieu aliyaondoa. Ndani ya shimo kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na ndani ya mfuko, dawa za Fabiola.

Placide ndiye aliyeliona jiwe. Lilikuwa kwenye njia ya kushoto, mbele kidogo, limesimamishwa kwa namna ambayo anayepanda asingeweza kulikosa, weupe wake ukimtazama. Tope la pale lilikuwa limekanyagwa na viatu vya jeshi, vingi, vikielekea korongoni. Mbele ya alama hizo zote, ikiwa imekanyagwakanyagwa lakini bado inasomeka, kulikuwa na alama ya mguu mdogo, usio na kiatu.

Hapakuwa na la kueleza zaidi. Alikuwa amewasikia nyuma yake. Alikuwa ameelewa kwa nini mawe yalilazwa, akiwa amekwisha kuyainua. Kwa muda aliobaki nao alificha dawa mahali ambapo mume wake pekee angetafuta, akaling'oa jiwe ambalo wanaume wawili walilibeba kwa shida, akaliweka kwenye njia pana, kisha akaifuata njia hiyo yeye mwenyewe, ili walio nyuma wasikie hatua zake.

Alama za viatu zilirudi kutoka ukingoni. Ule mguu mdogo haukurudi.

Walitafuta korongoni mpaka maji yalipowazuia. Wenye silaha hawakuonekana tena upande ule wa mlima, wala Kishembwe hakikuchomwa. Fabiola alikunywa dawa na akapona. Mathieu na Placide waliyalaza tena mawe yote, isipokuwa lile moja la kushoto. Placide alipolishika ili aligeuze, Mathieu alisema: "Hilo liache." Placide akaliacha.

Miaka ya vita ilipita polepole. Kwenye njia panda watu waliharakisha mwendo. Wanawake waliotoka kuchuma kuni walisema kwamba ndani ya ukungu walisikia kiganja kikipangusa kitu kilicholowa, taratibu, kisha kimya, kisha tena mbele kidogo. Placide aliapa kuwa amesikia jiwe likigeuzwa, lakini alipofika hakukuta lililogeuka. Hawakumtaja Bernardine, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita marehemu.

Hilo ndilo lililomsumbua Mama Ernestine. "Mwanangu," alimwambia Mathieu, "tufanye matanga. Muntu akiwa hana matanga anabakia njiani."

"Matanga ya nani? Mumeona mwili?"

"Hatukuona."

"Basi. Atarudi kwa mawe yake. Lile ndilo la mwisho alilolishika. Likiondoka, atajuaje alipofika?"

Mama Ernestine aliwaombea wote wawili, aliyeko na asiyeko.

Hatimaye bunduki zilinyamaza upande ule. Fabiola alikuwa amekuwa msichana mrefu, mwenye mikono ya mama yake, na ni yeye aliyesikia mjini kwamba watu walikuwa wakiiulizia tena njia ya Kishembwe. Walikuwa walimu wa Bujumbura waliokuwa na chama cha kutembea milimani, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Irankunda, ambaye alikuwa amewasikia wale walimu wa kwanza wakiisimulia. Aliiandikia kamati kwamba wangekuja wachache, wangelala katika nyumba ya mianzi, na wangeshuka na makopo yao. Alijua sheria zote.

Kijiji kilichangamka. Nyumba ya mianzi iliezekwa upya. Mawe yaliinuliwa, na Fabiola akakoroga udongo mweupe na uji wa muhogo kama alivyoelekezwa na baba yake, akapaka kwa kiganja. Alipofika njia panda alisimama. Kulia palikuwa na shimo tupu lililoota majani. Kushoto jiwe la mama yake lilikuwa limefifia, lakini bado lilionekana.

"Baba, wageni watalifuata lile."

"Nitakuwa nimesimama hapa. Hakuna atakayepita kushoto."

"Na ukungu?"

"Nimesema nitasimama."

Wageni walipanda kwa furaha, wakihema na kucheka. Irankunda alikuwa wa mwisho, kwa sababu alisimama kwenye kila ua. Placide, ambaye sasa alikuwa na mvi lakini mdomo uleule, aliwapokea kwa mzaha kwenye kila kona. "Karibuni, karibuni! Mukimuona mama moja anapiga kelele kule juu, musikimbie, ile ndiyo salamu yake!"

Mathieu alisimama kwenye njia panda kama alivyoahidi. Mmoja baada ya mwingine aliwaelekeza kulia. Kisha mzee mmoja kati yao aliteleza na kuumia goti, Mathieu akamshika bega ampandishe hatua chache hadi mahali pakavu. Zilikuwa hatua chache tu. Alipogeuka, ukungu ulikuwa umeifunika njia panda.

Akasikia changarawe zikianguka. Zilianguka upande wa kushoto, zikapiga mwamba, kisha hazikusikika tena. Mtu alikuwa huko, akitembea polepole, kwa hatua za anayepapasa, kutoka jiwe kwenda mbele. Mwili wote wa Mathieu ulizijua hatua hizo. Miaka yote alikuwa ameketi hapo, na katika ndoto ameketi hapo, na hatua hizo zilikuwa zimepita mbele yake naye kinywa chake kimefungwa. Safari hii hapakuwa na askari wa kumsikia.

"Bernardine!" alipiga kelele. "Bernardine! Simama! Usiende mbele! Simama hapo hapo!"

Mlima uliirudisha sauti yake kutoka ng'ambo ya korongo. Hatua zilisimama.

"Mimi ni Irankunda," ilijibu sauti ndogo iliyokuwa ikitetemeka. "Nilifuata jiwe. Kuna maji chini yangu, lakini siyaoni."

"Usisogeze mguu, mama. Nakuja."

Alimfikia kwa kutambaa. Alimshika kifundo cha mkono, akamrudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka wote wawili wakaketi kwenye majani, migongo yao ikiliegemea jiwe jeupe. Irankunda alilia kidogo, kisha akajifuta.

"Uliniita jina la nani?" aliuliza.

Mathieu aliupitisha mkono juu ya uso wa jiwe na kuitafuta mistari. Ilikuwa bado ipo, hafifu sana. Mtu aliyeipaka alimwambia Placide wakati ule kwamba anapaka ili wageni wakirudi wasikute wenyeji wamelala. Wageni walikuwa wamerudi. Mathieu ndiye aliyekuwa amelala, amelikumbatia jiwe lake.

"La mwenye mawe haya," alisema hatimaye. "Alikufa hapa."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo.

Wakamwita Placide na Fabiola, na kwa pamoja wakalibeba jiwe, wakipumzika mara kwa mara, wakishangaa jinsi mwanamke mmoja alivyoliweza. Mathieu aling'oa majani katika shimo la kulia kwa mikono yake. Jiwe lilipoteremshwa lilikaa bila kutikisika, kana kwamba udongo ulikuwa umelingoja. Fabiola alichovya kiganja katika chungu cha udongo mweupe alichoshuka nacho na kumtazama baba yake.

"Paka," alisema Mathieu. "Kuna wengine watakaokuja nyuma."

Matanga ya Bernardine yalifanyika juma hilohilo. Watu wa Ruzizi, ndugu zake, walipanda kwa mawe, na Mama Ernestine aliimba mpaka sauti ile ya kusimamisha ng'ombe ikakauka.

Mathieu bado anapandisha wageni, ingawa magoti yake yamechoka. Ukungu unapowakuta kwenye njia panda, huwasimamisha wote, akaligusa jiwe la kulia, kisha akaligeukia korongo na kuita jina moja kwa sauti kubwa. Wageni hudhani anamwita mmoja wao, nao hutazamana wakiulizana ni nani aliyebaki nyuma. Yeye husikiliza mpaka mwangwi uishe. Ndipo huwaambia waendelee kwa njia ya kulia, taratibu, asikate mtu kona.